Mi jibu langu ni kile kilima

Swali lenu la wiki hii, ni mahali gani ndani ya riwaya ya fumbo la siasa hapajakutoka kichwani na kwanini, limenikuta nina jibu tayari. Najua wengi watataja ukuta wa ghala kwenye Shamba la Wanyama la George Orwell, kile kitabu ambacho wanyama wanamfukuza mwenye shamba halafu nguruwe wanageuka watawala, ule ukuta wenye amri saba za rangi nyeupe zilizokuwa zinabadilika kimyakimya, na wana haki, ile ngazi iliyovunjika na kopo la rangi lililopinduka pembeni ya Squealer, yule nguruwe msemaji wa watawala, usiku hata mi sijavisahau. Ila mi nasema kile kilima.

Chenyewe ni kidogo tu, kiko kwenye malisho, George Orwell hakukipa hata jina. Nilivyosoma shuleni nilikipita kama sijakiona maana tulikuwa bize kukariri nguruwe Napoleon ni Stalin, nguruwe Snowball ni mpinzani wake Trotsky, Jones mwenye shamba ni mfalme wa Urusi, na kilima hakina mtu wa kukilinganisha naye. Nimekuja kurudia kitabu nikiwa mtu mzima ndo nikashtuka, kumbe ni palepale, mwandishi anatupandisha hapo mara tatu ambazo sizisahau.

Mara ya kwanza ni asubuhi baada ya Jones kufukuzwa. Wanyama wanakimbia mpaka juu, wanaangalia huku na huku, hawaamini kwamba kila kinachoonekana ni chao, wanagaagaa kwenye umande, wanatafuna majani matamu, wanachimbua udongo mweusi kwa kwato ili waunuse tu. Hapo kwenye kunusa udongo ndo huwa nasimama kwanza. Umelima shamba la mwingine maisha yako yote, siku moja unaambiwa ni lako, utafanya nini kama sio kuinama uunuse?

Mara ya pili ni Snowball anapima eneo na kusema hapa ndo juu kuliko kote, kinu cha upepo kijengwe hapa, umeme uje, mabandani kuwe na taa na maji ya moto.

Mara ya tatu ndo inayonimaliza. Mbwa wa Napoleon wametoka kuwararua waliokiri makosa uani, nguruwe, kuku, bata bukini, kondoo, maiti zimelundikana miguuni kwake, na waliobaki wanaondoka pamoja bila kuambiana wanaenda wapi, wanajikuta kilimani pembeni ya kinu kilichojengwa nusu, wanalala wamebanana kama wanatafuta joto. Clover, yule farasi jike mnene, anaangalia chini. Na kila kitu kipo! Malisho yameshuka mpaka barabarani, bwawa la kunywea, ngano changa ya kijani, mapaa mekundu na moshi unatoka, jua la jioni limelala juu ya majani, na shamba halijawahi kupendeza kama jioni hiyo. Ningekuwa naandika mimi ningeleta mawingu na mvua ili msomaji ajue kuna msiba. Yeye kaacha jua liwake, na ndo maana inauma, kwa sababu hakuna kilichoharibika pale ambacho unaweza kukinyooshea kidole.

Zile kesi za Stalin za Moscow za 1936 mpaka 1938, ambazo mauaji haya ya uani ni fumbo lake, watu waliopigania mapinduzi wanasimama kortini wanakiri mambo ambayo hawakuyafanya halafu wanapigwa risasi, nimezisoma kwenye vitabu vya historia na nilisikitika, lakini kwa Clover nililia. Anachokumbuka yeye ni vile vifaranga vya bata alivyovikinga kwa mguu wake wa mbele usiku ule wa hotuba ya Meja, nguruwe mzee aliyewahamasisha waasi, alidhani ndo itakavyokuwa, mwenye nguvu anamkinga mnyonge. Hana maneno ya kuyasema hayo, kwa hiyo anaanza kuimba wimbo wao wa mapinduzi, na wengine wanaitikia, mara tatu, polepole, kwa huzuni, wala hawajamaliza vizuri anakuja Squealer na mbwa wawili kutangaza wimbo umepigwa marufuku.

Hili nalisema kwa sababu limenigusa mwenyewe. Mahali nilipowahi kufanya kazi tulianzisha umoja wa wafanyakazi, tulikutana mara ya kwanza kwenye chumba chenye dirisha kubwa, tukakumbatiana kabisa. Miaka michache baadaye kwenye chumba kilekile, viti vilevile, tulinyoosha mikono kumfukuza mwenzetu aliyeuliza pesa zimeenda wapi, na mi nilinyoosha. Nakumbuka niligeuza macho nikaangalia dirishani na nje palikuwa pazuri mno. Niliposoma tena ukurasa ule wa Clover nilifunga kitabu siku mbili nzima.

Boxer, yule farasi mchapakazi, peke yake hakulala pale kilimani. Alisema haelewi, labda kosa ni letu, ataamka mapema zaidi, akashuka machimboni akavuta mizigo miwili ya mawe kabla ya kulala. Kinu kilikuja kuisha kweli baada ya kuanguka mara mbili, kikawa kinasaga nafaka za biashara na taa za mabandani hazikuja. Na Clover yuleyule aliyeona shamba zima kutoka kilimani, kurasa za mwisho macho yake ya uzee hayaoni vizuri tena, anamvuta punda Benjamin taratibu kwa manyoya ya shingo mpaka kwenye ule ukuta amsomee kilichoandikwa.