Tarakimu 60 za mkaa

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Je, serikali iongeze makao ya wazee, au mzee abaki nyumbani kwake?" Nimelisoma swali hilo ndani ya daladala na nikajibu "abaki kwake!" kwa sauti, mpaka kondakta akadhani nashuka.

Mama yangu ana miaka 79. Anaishi peke yake milimani Lushoto, juu kidogo ya Soni. Sisi watoto tuko 4 na hakuna aliyebaki kule. Niliwahi kumleta kwangu Tabata, hapa Dar, akakaa wiki 5. Akasema joto hili ni la kuivishia ndizi, nikampandisha basi.

Makao tunayajua. Yapo ya Nunge kule Kigamboni, ya Fungafunga Morogoro, na kwetu Tanga yapo ya Mwanzange. Wanapokelewa wazee wasiojiweza na wasio na mtu, na wanaowahudumia wanafanya kazi ambayo mimi nisingeiweza. Mama si wa huko. Analima mboga zake, anapika mwenyewe, na akifika hospitali ya wilaya anapishwa foleni kama bango la dirishani linavyoagiza. Kwa hiyo naomba nijibu swali ambalo hamkuliuliza: mzee akibaki kwake, nani atamwingizia tarakimu za umeme wa LUKU?

Msicheke. Mnakumbuka mwaka 2024 mita zilipokuwa zinahuishwa. Ulikuwa ukinunua umeme unaletewa makundi 3 ya tarakimu 20: mawili ya kuhuisha mita, la tatu la umeme wenyewe, na lazima yafuatane. Mimi hununua kwa simu hapa Dar na kumtumia mama ujumbe, kisha mjukuu wa Mama Zuberi, jirani yetu, anakwenda kubonyeza. Ndivyo tulivyoishi miaka yote, nami nilikuwa nikijisifu kazini kwamba kwetu mzee hakai peke yake, ana kijiji.

Agosti ile nikanunua umeme wa shilingi 10,000, nikatuma, nikaendelea na mambo yangu. Kumbe nyumba nzima ya Mama Zuberi ilikuwa imekwenda msibani Handeni. Athumani, kijana wa bodaboda anayepita pale kila asubuhi, alikuwa Mombo na mizigo ya karoti. Mama akakaa gizani usiku wa kwanza, wa pili, wa tatu. Hakusema. Simu yake ilizima chaji na mimi nikajiambia mtandao wa milimani ndivyo ulivyo. Siku ya tatu akaenda dukani kuichajisha, na saa 3 usiku akanipigia kuniuliza kama nimekula.

"Mama, mbona nasikia unatembea unapapasa?"

"Umeme umekwisha. Si kitu, umeme si chakula."

Mita yetu ni ya zamani, iko ukutani barazani, juu kuliko kichwa chake. Na simu yake ni kitochi. Akiiweka sikioni anisikie, tochi inamulika dari, na akimulika mita hanisikii. Tulijaribu mara mbili, na mara zote mbili mita ikakataa. Ndipo akasema ngoja. Akawasha koroboi, akachukua kipande cha mkaa jikoni, na mimi nikawa namsomea tarakimu nne nne naye anaziandika ukutani. Mama hakusoma shule. Tarakimu alizipata ngumbaru, miaka ile ya kisomo cha watu wazima, na saba yake bado ina kikofia. Kila nikimaliza kundi ananisomea lote tangu mwanzo, kama yuko mbele ya mwalimu. Zikatimia 60. Baridi ya Agosti ya kule mnaijua wenyewe.

Kisha akaniambia, "Sasa napanda kigoda."

Nikasema usipande. Nikasikia kigoda kinaburutwa. Nikasikia mlio wa vitufe, kimoja kimoja, halafu kishindo, halafu simu ikakatika.

Nilipiga mpaka asubuhi. Haipatikani. Mwenyekiti wa kitongoji sikuwa na namba yake. Nina namba ya fundi wa dishi wa Tabata, ya mwenyekiti wa kwetu sina. Saa 12 na nusu Athumani akapokea simu yangu, akapita nyumbani, akanipigia: "Mama yupo, anafagia. Mwambie azime taa ya nje, inawaka mchana." Kigoda ndicho kilichoanguka, baada ya yeye kushuka. Simu ilikuwa imekwisha chaji tu.

Tangu mwezi ule namtumia Athumani 20,000 kila mwisho wa mwezi. Anapita asubuhi na jioni, anaingiza LUKU, anabeba mtungi wa gesi, anaangalia kama dawa za presha zimepungua. Mama hajui kama analipwa. Nikimwambia najua atasema, "Unamlipa mtu anijulie hali?" na Athumani hatapewa chai tena.

Sasa nikisoma nilichoandika juu naona aibu kidogo. Nimejigamba kwa kijiji, na kijiji chenyewe nakinunua. Mama Zuberi ana miaka 71, mjukuu wake amemaliza darasa la saba na yuko njiani kuja huku. Wenzetu wa Zanzibar tangu 2016 wana pensheni jamii kwa kila aliyefika miaka 70, ilianza 20,000 na baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Naitaka bara, naitaka sana, ila hata ikija haitapanda kigoda. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii nao wana kazi zao, wakipita wanauliza presha na choo, na hapo wamefanya vya kutosha.

Basi jibu langu, na silipendi: makao yaongezwe. Wapo wazee wasio na mtoto wa kutuma 20,000, na hao nikiwaambia "baki kwako, ndiyo mila" nawaacha gizani. Lakini halmashauri ikipata fedha, kabla ya kufyatua tofali imlipe kijana mmoja kila kitongoji, wa kupita tu. Kwa mama yangu bado nasema abaki kwake, angalau mpaka kigoda kianguke naye, na hapo sijui nitawaandikia nini.

Desemba nilikwenda na ndoo ya chokaa nipake baraza. Akanikatalia upande wa mita, tarakimu zake zipo mpaka leo. Nilipoondoka alinipa mfuko wa peasi nimpelekee mama yake Athumani, kumshukuru kwa kulea vizuri.