Weka makasi chini kwanza: magazeti ya zamani yenye habari za magari

Ndugu uliyeuliza kama ukate picha za magari kwenye magazeti ya marehemu babu yako ukazitie fremu: usikate. Mimi nayakusanya hapa Nakuru, na kipande kilichokatwa sikinunui hata kwa bei ya chai. Hakina tarehe, hakina jina la gazeti, wala upande wa pili haujakamilika. Mara nyingi huo upande wa pili, wenye matangazo ya kazi au ya mazao, ndio unaonihakikishia kwamba gazeti ni la wakati wake, si nakala iliyochapwa juzi.

Umesema unatafuta toleo lililotangaza Peugeot 404. Hapo wauzaji watakuchezea. Gari hilo lilionyeshwa Paris Mei 1960, ilhali Daily Nation ilianza kutoka Oktoba mwaka huo huo. Mtu akikuletea Daily Nation ya Mei 1960, mrudishie na umtakie safari njema. Unayopaswa kusaka ni East African Standard, gazeti lililokuwa likitoka tayari wakati huo. Na usikwame kwenye wiki ya uzinduzi wa Ulaya. Huku kwetu gari lilikuwa habari lilipofika kwa wauzaji, kwa hiyo pekua miezi iliyofuata, hasa kurasa za matangazo. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa siasa.

Mimi kusema kweli nazipenda zaidi wiki za Pasaka. Safari Rally, yale mashindano ya magari, ilikimbizwa Pasaka, na kampuni za magari zilijua macho yote yako hapo. Hiyo 404 ilishinda 1963, kisha mfululizo 1966, 1967 na 1968. Katikati, 1965, dereva Joginder Singh alitamba na gari la Volvo PV544. Wazee wetu walioiamini Peugeot kwa safari ya Kisumu na mizigo juu ya paa hawakuiokota imani hiyo hewani.

Kuhusu kuhifadhi: karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa mbao zilizosagwa, na mwanga na joto huigeuza kahawia hadi ikavunjika kwenye mikunjo. Yalaze bapa ndani ya boksi gumu, mbali na sakafu na ukuta wa nje, maana mchwa wa huko Kakamega hawabagui historia. Wenzetu wa Kisumu wana unyevu wa ziwa pia. Selotepu usiikaribie kabisa. Gundi yake hupenya na kuacha doa lisilotoka. Ukitaka fremu, toa fotokopi ya rangi uitundike hiyo, gazeti lenyewe likae gizani.

Ya kuongezea, zungumza na wanaonunua makaratasi kwa kilo na familia za walimu waliostaafu. Bei ni maelewano tu. Na ukikutana na gazeti la Februari 1990, Rais Moi alipozindua Nyayo Pioneer, gari lililoundwa hapa Kenya, kule Kasarani, niandikie mimi kabla hujamwambia mwingine.