Riwaya ya mapenzi kwa binti wa miaka 14

Dada, kama unataka ya mapenzi lakini isiyo na mambo ya chumbani, mpe To All the Boys I've Loved Before ya Jenny Han (2014). Lara Jean huwaandikia barua za kuagana wavulana aliowapenda kimyakimya, kisha anazificha kwenye boksi la kofia. Siku moja zinawafikia wenyewe. Aibu yake utaihisi tumboni! Kinachonivutia zaidi ni dada zake na baba yao mjane. Mapenzi hayajameza familia.

The Fault in Our Stars ya John Green (2012) isubiri kidogo. Wapenzi wote wawili wana saratani, na kuna tukio moja la faragha. Isome wewe kwanza, leso mkononi.