Zimamoto hufanya nini moto usipokuwepo?

Mkuu, umeuliza kama umruhusu mdogo wako aombe kazi ya zimamoto, maana kwa macho yako hao ni watu wa kulala kituoni, na siku wakiitwa wanafika na gari lisilo na maji. Mimi niko kwenye kazi hiyo. Nianze na la maji, kwa sababu ndilo tunalotukaniwa zaidi.

Gari la kawaida hubeba maji kama lita 2,000, mengine zaidi. Mpira mmoja ukifunguliwa sawasawa unamwaga lita 400 mpaka 500 kwa dakika. Piga hesabu: dakika nne au tano tanki limekwisha, na hapo ni mpira mmoja tu. Ndiyo maana gari likishasimama, wawili wanaingia na mpira huku mwendesha pampu akiwapa presha na wakati huohuo anasaka maji mengine: bomba la zimamoto la barabarani, bwawa, gari la pili. Anayefika dakika ya sita anakuta mpira umelegea, anatoa simu, anarekodi, na jioni watu wote wanajua tulikuja mikono mitupu. Magari mabovu yapo, sikatai, lakini tanki kukauka mapema ni hesabu ya kawaida kabisa.

Halafu kuna hewa, ambayo huko nje haionekani. Mtungi wa mgongoni wa lita 6.8 uliojazwa kwa presha ya bar 300 una hewa iliyoshindiliwa lita 2,000 na ushee. Kwenye makaratasi hiyo ni kama dakika 45. Lakini mtu anayepanda ngazi akiburuta mpira uliojaa maji, na mavazi na vifaa vya zaidi ya kilo 20 mwilini, anaweza kuvuta hewa kwa kasi mara mbili ya hiyo ya makaratasi, hivyo dakika ishirini na kitu mtungi umekwisha. Ikibaki kama bar 55 filimbi inalia. Ikilia unatakiwa uwe umeshatoka, si ndiyo uanze kutafuta mlango.

Na mlango wenyewe huuoni. Sinema zimewadanganya watu kwamba tunakimbia katikati ya miali huku tukionana. Ndani ni giza tupu la moshi. Tunatambaa, mkono mmoja haubanduki ukutani ili tujue njia ya kurudi, mguu unapapasa kuelekea katikati ya chumba kutafuta mtu. Watoto tunawatafuta chini ya vitanda na ndani ya makabati, maana wakiogopa hujificha badala ya kukimbia. Kabla ya kufungua mlango tunaurushia maji kidogo tuone yanakaukia wapi, hapo unajua joto lililoko nyuma yake limeshuka mpaka usawa gani. Maji pia hayamwagwi ovyo. Lita moja ikigeuka mvuke inakuwa kama lita 1,700, na mvuke huo unapenya kwenye mavazi unakuunguza wewe pamoja na yule uliyekuja kumwokoa. Kwa hiyo tunapiga vipande vifupi kuelekea darini, tunapoza gesi za moto, tunasogea, tunapiga tena.

Sasa hilo la kulala. Zamu ikianza, kila mtu anavaa barakoa yake na kuhakikisha haivujishi, anasoma geji ya mtungi, anawasha pampu, misumeno na taa. Mipira iliyotumika inaoshwa na kuanikwa kwa sababu ikikunjwa mibichi huota ukungu, tena haikunjwi pale pale ilipokunjwa mara ya mwisho, la sivyo inapasukia kwenye mkunjo. Kuna mazoezi, kuna ukaguzi wa majengo, kuna kuzunguka kujifunza njia ipi gari letu halipiti. Na simu nyingi zinazoingia si za moto: ajali za barabarani, gesi inayovuja, mtu aliyekwama kwenye lifti, aliyetumbukia shimoni. Usiku tunalala ndiyo, ila king'ora kikilia unatakiwa uwe ndani ya gari ungali na usingizi machoni.

Wengi hawajui pia kwamba miali ikizimika kazi haijaisha. Tunabomoa dari, tunapasua kuta, tunatafuta makaa yaliyojificha. Godoro ndilo nalichukia kuliko vyote. Unalimwagia maji, linatulia, saa kadhaa baadaye linawaka upya kwa ndani. Dawa yake ni kulitoa nje na kulichana.

Hapo ndipo zamani watu walivua barakoa, moto si umekwisha! Kumbe mafusho ya wakati huo ndiyo yanayokula watu polepole. Mwaka 2022 IARC, taasisi ya saratani iliyo chini ya WHO, iliitaja kazi yetu kuwa ni chanzo cha saratani kwa binadamu. Masizi kwenye kofia yalikuwa sifa, siku hizi tunaoshana kabla ya kupanda gari, na nguo za moto hazifiki nyumbani.

Kwa mdogo wako, nguvu za mwili zinatafutika kwa mazoezi. Ninachomwomba ajipime mapema ni hofu ya sehemu finyu. Kwenye mafunzo atafunikwa barakoa isiyoona, ataambiwa atambae kwenye njia nyembamba huku akisikia pumzi yake mwenyewe tu, na hapo nimeona wenye vifua vipana wakiomba kutolewa.