Wa kwanza ni Ashford, si Williams
Je, Art Williams ndiye aliyekuwa mwamuzi wa kwanza mweusi katika ligi kuu za besiboli za Marekani? La, hakuwa yeye bali Emmett Ashford, ambaye alichezesha mechi yake ya kwanza tarehe 11 Aprili 1966 mjini Washington, akisimamia besi ya tatu. Mkanganyiko huo unaeleweka, kwa sababu enzi hizo American League na National League, ligi mbili zinazounda ligi kuu, kila moja ilikuwa na waamuzi wake. Ashford alifungua njia katika ile ya kwanza, naye Williams akafuata katika ile ya pili mwaka 1972.

Jambo linalosahaulika, na kwangu ndilo zito zaidi, ni urefu wa safari ya Ashford. Alikuwa mfanyakazi wa posta Los Angeles kabla ya kuingia ligi ndogo mwaka 1951, akabaki huko takribani miaka 15, mingi kati ya hiyo katika Pacific Coast League, ambako hatimaye alifanywa mkuu wa waamuzi, ilhali kwa upande wa wachezaji Jackie Robinson alikuwa amekwisha kuvunja kizuizi cha rangi tangu 1947. Alipoitwa ligi kuu alikuwa na umri wa miaka 51, na kwa kuwa waamuzi walitakiwa kustaafu wakiwa na miaka 55, alipata misimu mitano tu, wa mwisho ukiwa ule wa 1970 alipochezesha pia fainali za World Series.