Wakikuibia Makala, Usianze na Matusi

Mwizi wa makala hasomi anachoiba. Makala moja ya blogu yangu ya ufugaji, ya kuatamisha mayai ya kuku wa kienyeji, niliikuta kwenye tovuti ya udaku, neno kwa neno, pamoja na sentensi yangu ya "kama nilivyowaeleza wiki iliyopita, banda langu linaangalia mashariki". Juu yake jina la mwandishi: Admin. Banda la Admin linaangalia wapi, Mungu ndiye ajuaye.

Wengi yakiwakuta haya hukimbilia kufunga milango. Wanazuia maandishi yasichaguliwe, wanazuia kitufe cha kulia cha kipanya. Mimi sikushauri. Anayeiba kwa programu hagusi kipanya kabisa. Programu inaikomba makala kupitia mlisho wa RSS, yaani faili ambalo blogu hulitoa yenyewe likiwa na makala zako mpya, dakika chache tu baada ya wewe kuichapisha. Anayeumia ni mama mfugaji aliyetaka kunakili mistari miwili amtumie dada yake WhatsApp.

Cha kufanya ni kuhakikisha mwizi anaondoka na kidogo, na hicho kidogo kina alama yako. Kwenye WordPress, ingia kwenye mipangilio ya usomaji, uamuru mlisho utoe muhtasari badala ya makala nzima. Halafu weka viungo vya makala zako nyingine mapema ndani ya maelezo, kwa anwani kamili. Programu huvibeba vilevile vilivyo, na msomaji wa huko akibofya anatua kwako. Kwenye picha, andika jina la blogu juu ya kuku mwenyewe. Ukiliandika pembeni watalikata.

Kuwagundua si kazi. Chukua sentensi moja ambayo mtu mwingine hawezi kuiandika hivyo kwa bahati, iweke ndani ya alama za kunukuu, itafute Google. Ukipenda, Google Alerts itakuletea taarifa kwa barua pepe.

Ukishamkuta, tulia kwanza. Kabla hujamwandikia neno, piga skrinshoti inayoonyesha anwani na tarehe, kisha hifadhi kurasa zote mbili, wako na wake, kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, hazina inayotunza nakala za kurasa za mtandaoni pamoja na tarehe zake. Wapo wanaorudisha nyuma tarehe ya chapisho wakishashtuka, halafu wewe ndiye unaonekana mwizi.

Sasa mwandikie, kwa adabu: "Ndugu, habari za kazi. Makala hii ni yangu, ya asili iko kwenye kiungo hiki. Naomba uiondoe, au ubakize aya ya kwanza na uweke kiungo." Wengi wao ni vijana waliozoea "nimeituma kama nilivyoipokea", na wanaondoa siku hiyohiyo. Mmoja alinijibu kwamba kilicho mtandaoni ni cha wote. Sikubishana naye. Ubishi unampa watazamaji.

Akikaidi au akinyamaza, mruke umwendee anayemhifadhia tovuti. Huduma za WHOIS, zinazoonyesha tovuti imesajiliwa wapi, zitakupa pa kuanzia. Ukiona Cloudflare, jua hao mara nyingi wanakaa katikati tu, kati ya msomaji na seva inayohifadhi tovuti. Jaza fomu yao ya malalamiko nao wataipeleka kwa mwenye seva. Kampuni ikiwa Marekani, inabanwa na DMCA, sheria ya Marekani ya 1998 ya hakimiliki mtandaoni: unaitumia notisi ya kuondoa nakala, na si lazima wewe uwe Mmarekani. Notisi inataka jina na mawasiliano yako, anwani ya makala ya asili na ya nakala, tamko kwamba unaamini kwa dhati nakala haikuruhusiwa, na sahihi. Google nao wana fomu yao ya kuondoa nakala kwenye matokeo ya utafutaji. Usizijaze kwa hasira: unathibitisha kwa kiapo kwamba kazi ni yako, na notisi zinazokwenda Google huweza kuwekwa hadharani kwenye Lumen, hazina ya mtandaoni inayokusanya notisi za namna hiyo. Aliyenakili naye anaweza kupinga notisi, na hapo usipofungua kesi nakala hurudishwa.

Hapa nyumbani Tanzania tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na ofisi ya hakimiliki ya kuendea ni COSOTA. Zanzibar ni COSOZA. Kenya kuna KECOBO, bodi yao ya hakimiliki, na marekebisho ya sheria yao ya 2019 yanampa mtoa huduma za intaneti saa 48 za kazi kufunga kilicholalamikiwa. Haki yako inaanza pale unapoandika, hata kama hujasajili popote, ila cheti husaidia kwenye ushahidi. Na sheria inalinda namna ulivyosema, hailindi habari yenyewe. Kwamba yai la kuku huatamiwa siku 21 si mali ya mtu. Akiyasoma yangu akaandika upya kwa maneno yake, sina kesi naye, hata kama roho inaniuma.

Sifukuzi kila nakala. Isiyonipita kwenye utafutaji naiacha ioze hukohuko. Ninayoifuata bila kuchoka ni ile iliyopitishwa kwenye programu za kubadilisha maneno. Niliandika kwamba chanjo ya mdondo (ugonjwa wa kuku wa Newcastle) aina ya I-2 ni tone moja jichoni. Nakala moja ikasema "matone kadhaa", na chini yake waliacha jina langu. Hiyo nilipeleka notisi usiku uleule, na kwangu nikabandika tangazo kwamba kipimo kile si changu.