Mwanangu, usimwambie mtoto kuwa maji hayatarudi

Mombasa, Mei 2024

Mwanangu mpenzi,

Salaam aleikum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara mbili za kwanza nilisikia sauti yako tu, maneno yakanipita. Ya tatu nikatoka barazani peke yangu ndipo nikakuelewa. Nimeona bora nikuandikie, maana kwa simu utanikatiza, nami nitasahau nilikokuwa nikienda.

Umeniuliza: "Mama, wewe hufanyaje moyo usivunjike? Nataka wanangu wajifunze kuona mema hata likitokea janga." Kisha ukanieleza ya usiku ule hapo Kitengela, maji yalivyopenya chini ya mlango hadi godoro likaelea, na kwamba tangu siku hiyo mwanao mkubwa akisikia mvua huamka akauliza, "Maji yatarudi?" Nawe humjibu, "Hayatarudi, baba, lala."

Swali lako la moyo nitalifikia, inshallah. Lakini lililoninyima usingizi ni hilo jibu unalompa mtoto.

Tarehe 29 Aprili, usiku ule maji yalipowazoa watu wa Mai Mahiu wakiwa wamelala, mimi nilikuwa macho. Kila mwaka tarehe hiyo huamka kabla ya adhana. Safari hii ilikuwa inatimia miaka thelathini ya feri ya Mtongwe. Habari yenyewe unaijua tangu utotoni: Ijumaa, 29 Aprili 1994, asubuhi, watu wanavuka kwenda kazini, feri imepakia kupita kiasi, ikapinduka mita chache tu kutoka gatini. Watu 272 walikufa. Unajua pia kwamba nilikuwa na mimba yako, changa, hata bibi yako sijamwambia. Lakini yaliyopita ndani ya nyumba yetu siku hiyo sijapata kukusimulia yote.

Babako alikuwa zamu ya usiku bandarini. Alitakiwa awe anarudi saa zile zile. Mume wa jirani yetu, yule mama wa nyumba yenye mkungu ambaye mpaka leo hutuletea vitumbua kila Idi, alikuwa anakwenda. Niliwahi kumwona asubuhi hiyo akipita dirishani, amekunja mikono ya shati, kiatu kimoja hakijafungwa kamba. Sijui kwa nini nakumbuka kamba ya kiatu.

Makelele yalipoanza, jirani akaja mbio mlangoni kwangu, kanga moja kichwani, nyingine ameishika mkononi. Alitaka twende gatini. Nikamshika. Nikamwambia, "Kaa. Tulia. Watakuwa wameokolewa. Fikiri mema, Mungu hapendi tukate tamaa." Nikamketisha kwenye mkeka, nikampikia chai, nikatia sukari vijiko vitatu. Kila alipoinuka nilimshika mkono nikamrudisha chini. Kila aliposema "pengine" nilimwambia "usiseme hivyo." Tulikaa hivyo asubuhi nzima. Chai ikaota ngozi juu, hakuinywa.

Wanawake wengine wa mtaa walikuwa gatini wakati huo. Walikuwa wakiona wanaotolewa majini, wakiulizana, wakipelekana hospitalini. Yeye alikuwa kwangu, anafikiri mema.

Bibi yako alifika adhuhuri kutoka Likoni, kwa miguu. Hakusalimia hata. Alitutazama tulivyokaa akauliza, "Mnangoja nini?" Akamtuma kijana mmoja na daftari aandike kila aliyetoka mtaani mwetu asubuhi ile, jina na nguo aliyovaa. Mmoja akamwambia abandike uji wa watoto. Wawili akawapa nauli waende hospitali, na jirani akiwa mmoja wao. Mimi akanipa watoto kumi na mmoja wa mtaa niwashike ndani. Ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza lile neno lake ambalo mmelisikia nyumbani mpaka mkalichoka: mwenye hofu mpe kazi.

Babako alirudi alasiri, amezungukia Likoni, suruali imelowa hadi mapajani, hasemi. Mume wa jirani alipatikana siku ya pili.

Baada ya arobaini nilikwenda kumwona. Alinipokea vizuri, akaniuliza habari za mimba, maana sasa ilionekana. Nilipoinuka kuondoka akanitazama akasema, "Ulinikalisha." Neno moja tu. Hakulisema kwa hasira, na hakulirudia tena hadi leo. Vitumbua analeta. Nami kila nikivipokea nalisikia.

Nimejitetea sana, mwanangu. Nimejiambia, hata angekwenda, angefanya nini? Hakujua kuogelea, na mumewe yawezekana alikwisha kufa kabla ya kelele kutufikia. Huenda nilimwepusha kuona mambo ambayo yangemkaa machoni maisha yake yote. Haya ni maneno ya kweli. Lakini si mimi niliyekuwa na haki ya kumchagulia. Na nikijisema kweli kabisa, sikuwa namtuliza yeye. Nilikuwa namwambia yeye ili masikio yangu yasikie. Babako naye alikuwa majini, kwa nijuavyo mimi saa ile.

Miaka michache nyuma tuliitwa kwenye mafunzo ya mtaa kuhusu kumsaidia mtu aliyepatwa na janga. Mkufunzi alitufafanulia mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2011, wenye mambo matatu: angalia, sikiliza, unganisha. Angalia palipo na hatari na nani ana shida ya haraka. Sikiliza, usimlazimishe mtu kusema. Muunganishe na watu wake, na habari, na msaada. Alipofika pale panaposema usimpe mtu ahadi usiyoweza kuitimiza wala faraja ya uongo, nilitoka nje nikajidai nanawa uso. Bibi yako hakusoma mwongozo wowote. Lakini lile daftari lake ndilo hilo hilo: habari, na watu kuunganishwa na watu wao.

Usinielewe vibaya. Sisemi tumaini ni baya, na sitaki mwanangu awe mtu wa kutazamia mabaya tu. Nimemwona mtu aliyekata tamaa mapema akaacha hata kupiga kelele za kuomba msaada. Tumaini lina kazi yake. Lakini tumaini la kukaa mkekani, hilo mimi naliogopa. Watu husema subira yavuta heri, nami nasema ni kweli, ila subira si kuketi. Maalim alitufundisha ngamia hufungwa kwanza, kisha ndipo mtu hutawakali.

Sasa nikukumbushe la pili, hili la furaha, nawe ulikuwepo. Jumapili, 26 Desemba 2004. Ulikuwa na miaka kumi. Tulikuwa ufukweni Bamburi na binamu zako wote, pilau bado moto kwenye sufuria. Tetemeko lilikuwa limepiga karibu na Sumatra alfajiri ya kwetu, mawimbi yakavuka Bahari ya Hindi nzima wakati sisi tunakata kachumbari, hatuna habari. Kisha polisi wakaja kuwaondoa watu ufukweni. Babako alitazama maji akanigusa bega. Yalikuwa yanatoka na kurudi ndani ya dakika chache, na wewe mtoto wa pwani wajua kwamba kupwa huchukua saa sita.

Watu walianza kukimbia huku wakiitana. Nilihisi ulimi wangu unataka kusema "hakuna kitu, hakuna kitu." Nikaumeza. Nikakushika mashavu nikakwambia, "Wewe kazi yako ni kuhesabu. Watoto ni tisa. Usiache kuhesabu mpaka tufike barabarani." Binamu yako mkubwa nikampa mdogo ambebe. Sufuria tuliliacha pale pale.

Ulihesabu kwa kugusa vichwa. Mkono wako ulikuwa baridi kama samaki, nilipokushika nilihisi, kwa hiyo usiniambie hukuogopa. Lakini sauti haikutetemeka. Tisa. Tisa. Tulipovuka barabara ukaniangalia ukasema, "Tisa, Mama," kama mtu anayekabidhi pesa alizoaminiwa. Siku tatu baadaye ulikuwa bado unahesabu vichwa kwenye sinia kabla hatujaanza kula. Nchini kwetu siku ile alikufa mtu mmoja, Malindi. Jirani zetu Somalia walikufa karibu mia tatu. Wewe ulilala usiku ule kama kawaida, na hukuniuliza hata mara moja kama bahari itarudi.

Basi linganisha na mwanao. Akikuuliza kama maji yatarudi, nawe ukamwambia hayatarudi, yeye anaisikia mvua juu ya bati. Ana miaka sita, si mjinga. Yakirudi kweli, atakuwa na maji ndani ya nyumba na mama ambaye neno lake halishikiki tena. Utasema namtia hofu mtoto. Pengine. Nimelipima hilo pia, na kuna usiku nilikaribia kukupa haki. Lakini hofu tayari anayo, wewe hukumpa wala huwezi kumnyang'anya. Kinachokosekana ni kazi. Mwambie, "Yanaweza kurudi. Yakija, wewe ndiye mwenye tochi. Unamshika dadako mkono, mnapanda kwa mama wa ghorofa ya pili, mnaningoja ngazini." Mfanyie majaribio mchana, jua likiwa kali, mara mbili tatu, mpaka acheke. Mtoto akishacheka njiani, usiku ataijua njia.

Nawe uwe na yako. Umeme uzimwe kwenye swichi kuu kabla maji hayajafika kwenye soketi, na ukishakuwa umesimama majini usiiguse tena. Vyeti vya watoto viwe ndani ya nailoni, juu, si kwenye droo ya chini kama mlivyoviweka. Nambari 999, 112 na ile ya bure ya Msalaba Mwekundu, 1199, ziandike ukutani kwa kalamu nene, kwani simu hufa siku hiyo hiyo unayoihitaji. Na mwambie mumeo asijaribu tena kuvuka barabara iliyofurika. Najua ni mwanaume mrefu. Maji ya kasi ya sentimita kumi na tano tu humwangusha mtu mzima, na gari dogo huelea katika sentimita thelathini. Maji ya kunywa mchemshe, mtaro na kisima vimeshachanganyika huko.

Hata sisi huku hatukukaa bure. Tarehe 4 Mei, Kimbunga Hidaya kilipofika kisiwa cha Mafia, Tanzania, tulikuwa tumeshatahadharishwa juu ya upepo na mawimbi. Babako alishusha yale mabati ya banda la kuku akayafunga kamba, nami nikajaza madumu yote, nikamtuma kijana wa jirani awaulize wazee wa nyumba za bondeni nani atawatoa yakiingia. Usiku ule nilipiga pasi nguo ambazo hazina safari. Kimbunga kiliishiwa nguvu baada ya kugonga nchi kavu, huku kwetu tukasalimika, alhamdulillahi. Nikayamwagia maua maji ya madumu kwa siku mbili. Sikuona kwamba nilipoteza kitu.

Uliniuliza moyo hufanyaje usivunjike. Mwanangu, huvunjika. Ulivunjika 1994, ukavunjika tena bibi yako alipotutoka, na wiki ile simu yako ilipokuwa haipatikani nilikaa chooni nikalia mpaka babako akagonga mlango. Sina dawa ya kuuzuia. Nijualo ni kwamba mikono ikiwa na la kufanya, moyo huifuata nyuma polepole, kama mtoto aliyenuna. Saa nyingine huchelewa sana. Na janga likishapita, mtu aachwe alie, asiambiwe aone mema siku ya pili. Mema atayaona mwenyewe wakati wake, au hatayaona. Jirani yangu ilimchukua miaka kabla hajapanda tena feri. Hakuna aliyemhimiza, nami nilikuwa nimejifunza kunyamaza.

Kuhusu kuhama, babako amenikataza nisiseme neno, nami nimeahidi. Ni nyumba yenu, na kazi ya mumeo iko huko, na shule mmeshalipa. Nayajua yote hayo. Ila wewe mwenyewe ulinionyesha kwa dirisha, nilipokuja Disemba, lile bonde lililojazwa kifusi nyuma ya ukuta, na tangu zamani wazee husema maji hufuata mkondo. Lakini nimeahidi. Hapo nanyamaza.

Mjomba wako anapanda basi la Alhamisi usiku. Nimempa sanduku dogo: nazi nne, kanga mbili, achari ya maembe uipendayo, na tochi. Tochi ni ya mwanao, si ya nyumba, usiiweke jikoni. Imeandikwa jina lake kwa rangi ya kucha. Betri ziko ndani tayari, na nyingine nimezifunga kwenye kanga ya kijani. Mvua ikianza usiku nipigie, hata iwe saa tisa. Siku hizi simu nalala nayo.

Mamako